Pikipiki za maji katika maeneo ya burudani yaliyohifadhiwa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wasiopatana: mwenye pikipiki ya maji anayetaka kuishusha Ziwa Mead wikiendi, mvuvi na mpiga kasia waliochoshwa na kelele zake, na mgeni anayekodi chombo hiki kwa mara ya kwanza bila kujua kwamba hori la pili kutoka gatini limefungwa. Tumeyajibu kwa pamoja kwa sababu wote wanatumia maji yaleyale.

Kwa mujibu wa sheria, pikipiki ya maji ni chombo gani?

Wengi wetu huiita jetski, ingawa Jet Ski ni jina la biashara la Kawasaki, iliyoanza kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kanuni za Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani zinakitambua chombo hiki kwa mambo matatu. Kwa kawaida urefu wake haufiki futi 16, yaani kama mita 4.9. Kina injini ya ndani inayochoma mafuta na kuendesha pampu inayorusha maji kwa nyuma. Na mwendeshaji wake hukaa, husimama au hupiga magoti juu ya chombo, haingii ndani yake. Ndiyo maana boti fupi ya pampu ambayo watu hukaa ndani ya bodi yake haihesabiwi kuwa pikipiki ya maji, hata ikiwa na kasi ileile.

Boti ni boti. Kwa nini hiki kitungiwe kanuni zake peke yake?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake liko chini ya chombo chenyewe. Siku ukiikuta pikipiki ya maji juu ya trela, iname uitazame tumboni. Hutaona propela. Utaona tundu lililozibwa kwa vyuma vilivyopangwa sambamba kama vya jiko la kuchomea nyama. Hapo ndipo maji yanapofyonzwa. Nyuma utaona bomba fupi lenye mdomo unaogeuka kushoto na kulia. Hapo ndipo yanaporushwa. Hakuna kitu kinachoning'inia. Boti ya kawaida yenye propela huogopa maji ya magotini, kwa sababu itakwangua chini na kuvunjika. Pikipiki ya maji inapita. Watengenezaji huonya kwamba pampu hufyonza mchanga na kokoto penye kina kifupi, lakini onyo la kitabuni halimzuii mtu mwenye haraka ya kuona kilichoko nyuma ya matete.

Na nyuma ya matete ndiko kuliko na uhai. Samaki wengi hutaga kwenye kina kifupi, ambako jua hufika chini na maji hupata joto mapema. Vifaranga vya samaki hujificha kwenye majani ya humo. Ndege hujenga viota pembeni. Kabla ya chombo hiki, sehemu hizo zililindwa na kina chenyewe, bila boya wala askari. Kilipokuja, ulinzi huo wa asili ukaisha, na hifadhi zikalazimika kuweka wa kwao.

Sababu ya pili ni namna kinavyotumiwa. Mwenye boti kwa kawaida ana anakokwenda: anatoka gatini, anafika kwenye samaki, anazima injini. Mwenye pikipiki ya maji raha yake ni mwendo wenyewe. Anazunguka palepale, anakata kona, anarukia mawimbi yaliyoachwa na boti nyingine, saa nzima mbele ya ufuo uleule. Kwa ndege aliyelala juu ya mayai, boti inayopita mara moja na chombo kinachorudi mara thelathini ni mambo mawili tofauti.

Wenye pikipiki hujibu kwamba mashine za leo ni safi na tulivu kuliko boti nyingi za zamani zilizoachwa zipite bila kuulizwa. Wanasema kweli, na ni haki yao kulisema hilo. Lakini usafi wa injini hauongezi kina cha maji.

Hizi ni sehemu za burudani. Si ziliwekwa ili watu wafurahi?

Ziliwekwa kwa hilo, na kwa jambo jingine pia. Sheria ya mwaka 1916 iliyounda Idara ya Hifadhi za Taifa inaipa kazi ya kuhifadhi mandhari, viumbe na vitu vya kihistoria, na kuwawezesha watu kuvifurahia kwa namna itakayoviacha bila kuharibika kwa ajili ya vizazi vijavyo. Furaha imo, ila ina sharti. Ziwa Mead, lililoko mpakani mwa Nevada na Arizona nyuma ya bwawa la Hoover, limekuwa chini ya Idara tangu 1936, na mwaka 1964 ndilo lililotangazwa kuwa eneo la kwanza la burudani la taifa. Jina "eneo la burudani" lilifungua mlango kwa boti, uvuvi na kuogelea. Halikuliondoa eneo hilo katika sheria ya 1916.

Marufuku ilianzaje?

Ilianza pole pole, sehemu moja moja. Mwaka 1992 hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Monterey, California, ilianzishwa ikiwa na kanuni ya kuzifungia pikipiki za maji katika kanda nne tu. Mwaka 1994 Hifadhi ya Everglades, Florida, ilizipiga marufuku kabisa. Mwaka 1996 kaunti ya visiwa vya San Juan, jimbo la Washington, ilifanya vivyo hivyo. Wafanyabiashara na waendeshaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaikubali marufuku hiyo.

Kisha ikaja hatua ya nchi nzima. Tarehe 21 Machi 2000 Idara ilichapisha kanuni iliyogeuza utaratibu. Awali pikipiki ya maji iliruhusiwa mpaka ikatazwe; sasa ikawa imekatazwa mpaka iruhusiwe. Kati ya maeneo 87 ya Idara yaliyokuwa yakiruhusu boti za injini, 66 yalifungwa kwa pikipiki za maji, na 21 yakapewa muda wa kuendelea yakitafakari.

Kundi la utetezi wa mazingira liitwalo Bluewater Network liliona mlango huo wa maeneo 21 ni mpana mno, likashtaki. Mwaka 2001 pande mbili zikakubaliana kwamba hakuna eneo litakaloendelea kuruhusu bila kwanza kufanya tathmini ya mazingira ya mahali penyewe na kutunga kanuni maalumu kwa ajili yake. Msimamizi wa hifadhi hakuweza tena kuamua peke yake kwa kubandika tangazo. Kwa maoni yangu makubaliano hayo yalikuwa na uzito kuliko marufuku yenyewe, kwa kuwa yaliilazimisha kila hifadhi kwenda kutazama maji yake.

Leo ni wapi panaruhusiwa na wapi hapana?

Ziwa Mead lilitungiwa kanuni yake mwaka 2003, na Glen Canyon, lenye Ziwa Powell, mwaka huohuo. Maeneo ya burudani ya Lake Roosevelt, Amistad, Chickasaw, Curecanti, Bighorn Canyon na Lake Meredith nayo yalifuata njia hiyo, kila moja na mipaka yake.

Mengine yalitafakari yakakataa: Whiskeytown huko California, Delaware Water Gap kati ya Pennsylvania na New Jersey, ufuo wa Cape Cod, Indiana Dunes na kisiwa cha Cumberland. Golden Gate, linalozunguka San Francisco, halikuwamo hata kwenye orodha ya 21. Pale marufuku ni ya mwaka 2000.

Na kuruhusiwa hakukumaliza ubishi. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alisema kwamba tathmini zilizofanywa kwa ajili ya Gulf Islands na Pictured Rocks, maeneo mawili ya Idara yaliyokuwa yameruhusu, hazikutosha, maana Idara haikueleza vya kuridhisha kwa nini madhara iliyokuwa imeyaorodhesha yenyewe hayangeharibu maeneo hayo. Ruhusa isiyo na maelezo yanayosimama inaweza kurudishwa ikaandikwe upya.

Kama eneo linaruhusu, ninaweza kwenda kokote ndani yake?

Hapana, na hapa ndipo wageni wengi hukamatwa. Glen Canyon linaruhusu pikipiki za maji ziwani, lakini mto Colorado chini ya bwawa la Glen Canyon, kuelekea Grand Canyon, umefungwa kwa vyombo hivyo. Kwenye Black Canyon, chini ya bwawa la Hoover, Jumapili na Jumatatu ni siku za makasia tu: hakuna injini ya aina yoyote. Utaratibu huu wa kugawa siku naupenda, kwa sababu haumfukuzi mtu. Unampa kila mmoja zamu yake, na mpiga kasia anajua siku gani atayasikia maji yakidondoka kwenye kuta za mawe.

Chukua ramani ya mwaka huu gatini. Soma maboya pia: boya jeupe lenye almasi ya rangi ya machungwa iliyo na msalaba ndani yake maana yake usipite, lenye duara maana yake kuna sharti, mara nyingi la mwendo.

"Mwendo wa kutotibua maji" ni upi, na zile mita 60 za kutoka kwa waogaji zinatoka wapi?

Ni mwendo wa pole kiasi kwamba chombo hakiachi mawimbi nyuma yake, pua ikiwa imelala majini. Usitazame dashibodi, tazama nyuma: ukiona maji yamepanda na kufanya povu, umezidisha. Ziwa Mead linautaka mwendo huo ndani ya futi 200, karibu mita 60, kutoka kwenye ufuo wenye waogaji, boti zilizoegeshwa, au mtu yeyote aliye majini au ukingoni.

Mita 60 huonekana nyingi kwa aliyesimama nchi kavu. Piga hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa chombo kinakwenda mita 22 kila sekunde, hivyo mita 60 zinaisha kabla ya sekunde tatu kutimia. Katika muda huo umwone mtoto aliyezama mpaka shingoni kwenye maji yenye mng'ao wa jua, uamue, na chombo kitii. Umbali huo ndio mdogo unaoweza kukubalika.

Injini za zamani zina kosa gani?

Pikipiki za maji za kwanza zilikuwa na injini za mapigo mawili zenye kabureta, zile zinazochanganyiwa oili na petroli. Injini ya namna hii hufungua njia ya moshi huku mafuta mapya yakiingia, kwa hiyo sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua: inaweza kufika kati ya robo na karibu theluthi ya petroli yote uliyoinunua. Na kwa kuwa moshi wake hutokea majini, petroli hiyo nayo huishia majini. Ukiwa gatini asubuhi isiyo na upepo ungeiona kwa macho, utando wenye rangi za upinde wa mvua ukisambaa kutoka nyuma ya chombo kilichowashwa dakika mbili tu.

Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, lilikuwa la mapema kuchukua hatua: injini za mapigo mawili zenye kabureta zilipigwa marufuku huko tangu Juni 1999, ziwe za boti au za pikipiki. Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imetunga mwaka 1996 viwango vya moshi vilivyoingia hatua kwa hatua hadi mwaka 2006, kwa lengo la kupunguza mafuta yasiyoungua kwa asilimia 75. Ziwa Mead na Glen Canyon yakavishika viwango hivyo: baada ya tarehe 31 Desemba 2012, pikipiki ya maji isiyofikia kiwango cha 2006 haishuki majini.

Kama unanunua ya mtumba, soma kibandiko cha moshi kilicho karibu na injini kabla hujatoa pesa.

Ndege na samaki wanadhurika vipi hasa?

Chukua kibisi, ndege wa majini anayejenga kiota kinachoelea. Kiota chake ni rundo la majani yaliyooza na matete, limefungwa kwenye mimea ili lisichukuliwe na mkondo, na mayai yako juu ya maji kwa upana wa vidole vichache tu. Wimbi la chombo kilichopita karibu linapanda juu ya rundo hilo. Likipita moja, huenda mayai yakabaki. Yakija kumi mfululizo, yanaviringika majini. Hakuna aliyemgusa ndege wala aliyemwona, na mwenye chombo atakuambia kwa moyo safi kwamba hakufanya lolote.

Madhara mengine ni ya kukimbizwa. Huko New Jersey, kwenye Ghuba ya Barnegat, watafiti waliwatazama buabua kwenye makazi yao ya kuzalia, wakaona kwamba pikipiki za maji ziliwarusha ndege wengi kuliko boti zilizopita kwenye njia zake, hasa zilipokuja kwa kasi na karibu. Buabua akiruka, yai linabaki juani au mbele ya shakwe. Wataalamu wa Florida walipopima umbali ambao ndege huanza kuruka, walipendekeza vyombo vikae kati ya mita 100 na 180 kutegemea aina ya ndege, na ndege wenye miguu mirefu wanaotembea majini ndio waliohitaji nafasi kubwa zaidi. Linganisha na zile mita 60 za kulinda waogaji. Umbali unaomtosha binadamu haumtoshi ndege, ndiyo maana baadhi ya mahori hufungwa kabisa msimu wa kuzaa badala ya kuwekewa mwendo tu.

Kuhusu samaki, Ziwa Mead lina razorback sucker, samaki wa asili wa mto Colorado mwenye nundu mgongoni, ambaye amebaki wachache. Hutaga juu ya kokoto penye kina kifupi, kuanzia mwishoni mwa majira ya baridi. Kokoto zilezile ambazo pampu huzifyonza na kuzitawanya.

Kelele inapimwa, au ni suala la mtu kutopenda tu?

Inapimwa. Katika maji ya Idara chombo chochote kisizidi desibeli 75 kikipimwa kikiwa kwenye mwendo, au 88 kikipimwa kimesimama. Pikipiki mpya nyingi hazina shida na vipimo hivyo.

Lakini namwelewa anayelalamika hata pale kipimo kinapopita. Chombo kikiwa majini, moshi na sauti yake hupoozwa na maji. Kikirukia wimbi kikatoka juu, mlango wa moshi unabaki wazi, pampu inameza hewa, injini inapiga ukelele, halafu kinatua na sauti inazama tena. Sikio huzoea mngurumo wa boti unaokwenda sawasawa. Halizoei sauti inayopanda na kushuka bila mpangilio. Dawa yake ni rahisi: usirukie mawimbi karibu na watu. Kupiga kona kwenye mawimbi ya boti nyingine kwa karibu ni kosa katika majimbo mengi hata hivyo.

Ni chombo hatari?

Kina hatari ya peke yake, na kila anayekodi anapaswa kuisikia kabla hajapewa ufunguo: ukiachia mafuta, usukani haufanyi kazi. Chombo hugeuzwa na maji yanayorushwa na pampu. Mtu anaona boti mbele yake, anashtuka, anafanya kile ambacho kila dereva wa gari angefanya, yaani anaachia mafuta na kukata kona. Pampu imenyamaza, chombo kinakwenda moja kwa moja kwenye kile anachokikimbia. Mashine nyingi mpya zina breki na mifumo ya kusaidia hapo. Za zamani hazina. Ufanye mazoezi mahali peupe kwanza: kukwepa kunataka mafuta kidogo yabaki.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibainisha mwaka 1998 kwamba katika vyombo vya burudani, hiki ndicho pekee ambacho sababu kuu ya vifo vyake ni kugongwa, wala si kuzama. Kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha ni lazima kwa kila aliyepanda, lakini jaketi halimalizi kazi. Macho ndiyo yanayokuokoa.

Ile kamba ya swichi ya kuzimia injini ifunge mkononi au kwenye jaketi. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa chombo cha chini ya futi 26 chenye swichi hiyo aiunganishe anapokwenda kasi. Ukianguka, kamba inachomoka, injini inazima, na chombo kinakusubiri.

Pombe: kikomo cha Idara ni kiwango cha 0.08 katika damu, isipokuwa pale sheria ya jimbo inapokuwa kali zaidi. Umri wa kuendesha na cheti cha mafunzo hufuata sheria za jimbo, na pale ziwa linapogusa majimbo mawili, kama Mead, uliza za pande zote mbili.

Nikipinduka nayo nifanyeje?

Usiigeuze kwa upande wowote unaokujia. Tazama nyuma yake: kuna kibandiko chenye mshale unaoonyesha upande wa kuiviringishia. Ukienda kinyume, maji yanaweza kuingia kwenye injini. Kisha panda kwa nyuma.

Kwa nini nakaguliwa kabla ya kuingia na baada ya kutoka?

Kwa sababu ya kome wa kwaga (quagga), kome wadogo wa kigeni. Walionekana Ziwa Mead Januari 2007, na kufikia 2013 wakubwa wao walikuwa wamepatikana Ziwa Powell. Jike mmoja anaweza kutoa mpaka mayai milioni kwa mwaka. Wakifika mahali hakuna njia inayojulikana ya kuwatoa katika ziwa kubwa: wanaziba mabomba, wanachuja chakula cha samaki majini, na magamba yao yanakata miguu ya watoto ufuoni.

Wadogo huwezi kuwaona. Pitisha kidole kwenye bodi ya chombo kilichokaa majini siku kadhaa: sehemu iliyokuwa laini jana ikikwaruza kama msasa, wameanza kushika. Na wachanga kabisa huelea ndani ya maji yenyewe, ndiyo maana pikipiki ya maji inawasumbua wakaguzi. Kwa nje imekauka, ila ndani ya pampu kuna maji kikombe kizima.

Safisha, mwaga, kausha. Toa majani na tope kwenye zile nondo za tumboni. Fungua vizibo vyote na uviache wazi barabarani. Nevada, Arizona na Utah zinalitaka hilo kisheria. Ukiwa nchi kavu washa injini kwa sekunde chache ili pampu iteme maji iliyobakiza, usizidishe maana haina maji ya kuipoza. Fungua visanduku vya mizigo, navyo hubeba maji. Kisha acha kila kitu kikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa jingine.

Maji yakipungua, kanuni zinabadilika?

Zinabadilika, na mara nyingine ndani ya wiki. Julai 2022 Ziwa Mead lilishuka mpaka karibu futi 1,040 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu lilipokuwa likijazwa mwaka 1937. Njia za kushushia boti zilifungwa moja baada ya nyingine hadi ikabaki ya Hemenway peke yake. Watu wote waliokuwa wakitawanyika pande zote za ziwa wakabanana hapo.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba ziwa likishuka, kina kifupi huhama. Hori lililofungwa kwa ajili ya samaki linakuwa nchi kavu, na mahali palipokuwa katikati ya maji panakuwa ukingo mpya wenye matete machanga na ndege. Boya la mwaka jana linalinda vumbi. Wasimamizi wanaojua kazi yao huyafuata maji. Nawe ukiona matete mahali ambapo ramani inaonyesha maji marefu, yaheshimu bila kusubiri boya.

Naweza kukodisha pikipiki yangu kwa wageni pale ufuoni?

Huwezi. Biashara yoyote ndani ya maeneo ya Idara inahitaji kibali. Aliyekodi kwako akimgonga mtu, kesi itawafikia nyote.

Mbona waokoaji wanazitumia hata palipokatazwa?

Kwa sababu ileile inayozifanya ziwe na matata. Hazina propela ya kumkata aliye majini, zinaingia penye kina kifupi, zinageuka papo hapo, na mtu anaweza kuvutwa juu ya ubao unaokokotwa nyuma. Uokoaji umeachiwa nafasi katika kanuni. Monterey nako, kwenye eneo la mawimbi makubwa la Mavericks, kulitengwa kanda ya msimu kwa siku za bahari kuchafuka tu.

Nikiona mtu anavunja kanuni?

Usimfukuze. Andika namba iliyo ubavuni mwa chombo, saa na mahali, kisha piga simu kwa askari wa hifadhi. Makosa ya namna hii katika maeneo ya Idara yanaweza kumpeleka mtu mahakamani, na adhabu hufika hadi miezi sita jela au faini ya dola 5,000.

Za umeme je? Zina kelele ndogo na hazimwagi petroli.

Ni swali zuri, kwa sababu maneno ya kanuni yanataja injini inayochoma mafuta. Ya umeme haimo kwenye maneno hayo. Usilichukulie hilo kuwa ruhusa: msimamizi wa hifadhi ana mamlaka mengine ya kufunga maji, na majimbo yana tafsiri zao. Uliza kwanza, na ikiwezekana pata jibu la maandishi.

Mimi nazifurahia kwa upande wa petroli na masikio. Ila nikirudi kwenye kiota cha kibisi sioni tofauti. Wimbi ni lilelile, na chombo kisichosikika kinaweza kumfikia ndege kabla hajajua kinakuja. Siku hifadhi zitakapoandika kanuni za vyombo hivi, ningependa zianze na kina cha maji, kisha ndipo zifike kwenye injini.

Kanuni zikitaka kubadilishwa, mimi raia wa kawaida nasikilizwa?

Idara hutangaza pendekezo na kutoa muda wa maoni, na inapaswa kuyajibu yale ya msingi kabla ya kanuni ya mwisho. Anayeandika "zipigeni marufuku zote" na anayeandika "tuachieni uhuru wetu" huhesabiwa, ila hawampi mpangaji kitu cha kushika. Andika jina la hori. Andika mwezi na saa. Sema uliona viota vingapi, au ni chombo gani kilipita wapi na kwa umbali gani kutoka kwa waogaji, na uambatishe picha yenye tarehe. Kama wewe ndiye mwenye pikipiki ya maji, onyesha kwenye ramani njia unayoweza kuitumia bila kukaribia matete. Mpaka mzuri mara nyingi huchorwa na mtu anayelijua ziwa kwa kulipita kila wiki.